Lazeri, Mpira wa Maji na Nyumba ya Mama

Wateja wangu wana swali moja ambalo hawachoki kuniuliza, na jibu langu hutegemea kama nimekula au bado. Wanasimama mbele ya duka langu la vifaa vya ujenzi, pale Kadutu, mjini Bukavu, wanainyooshea kidole lazeri iliyo rafuni, kisha wanageukia mpira wa maji ulioviringishwa msumarini, na wanauliza, "Maman, kwa hii mbili, ya muzuri ni gani?" Nikiwa na njaa najibu kwamba nzuri ni ile ambayo fundi wako anajua kuitumia. Nikiwa nimeshiba, naeleza.

Lazeri ni kijisanduku kinachosimama juu ya miguu mitatu na kurusha mstari wa kijani ukutani. Mstari huo haupandi wala haushuki, kwa hiyo utakapogusa ukuta ndipo penye usawa. Mpira wa maji ni bomba laini la plastiki linaloonyesha ndani. Unalijaza maji, mtu mmoja anashika mdomo wa kona hii, mwingine anashika mdomo wa kona ile, na maji yanasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama katikati kuna jiko, choo na zizi la sungura. Lazeri inataka betri na kivuli, maana nje juani mstari wake hauonekani, na ikianguka mara moja tu unaanza kuishuku. Mpira hautaki betri. Unataka watu wawili wasiogombana, na hao mjini hapa ni shida kuwapata kuliko betri.

Haya nayasema leo kwa utani, na namshukuru Mungu kwamba naweza kuyafanyia utani. Msimu wa mvua uliopita vyombo hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vinaamua kama mama yangu atabaki nyumbani kwake au atahamishwa, na kwa saa kadhaa kila kimoja kilikuwa kinasema lake.

Nyumba ya mama iko Nyalukemba, kwenye mteremko. Jiko limeelekea mlimani na sebule imeelekea ziwani, na upande wa ziwa msingi wa mawe ni mrefu kuliko mtu mzima. Juu ya mawe hayo baba yetu aliweka ukingo wa saruji unaozunguka nyumba nzima, mwembamba, umechomoza kidogo nje ya ukuta. Utotoni tulikuwa tunapanga vikombe vyetu vya uji pale, na gololi tulizoziweka juu yake zilikuwa zinakaa tu, haziendi popote. Baba alijivunia ukingo ule kuliko nyumba yenyewe. Sasa hayupo, na mama anaishi pale na binti wa shangazi anayesoma mjini.

Mvua zilipokolea, ufa ukatokea. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la sebule ukapanda kuelekea dari, na kila mtu aliyekuja kumsalimia mama aliutazama kabla ya kukaa. Mtu wa Bukavu akiona ufa kwenye nyumba ya mteremkoni hafikirii plasta. Anafikiria udongo wa chini unavyotembea, na nyumba alizoziona kwa macho yake zikiondoka na mvua.

Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, anaishi Kalehe na mkewe na watoto wao. Ufa ule ulimnyima usingizi yeye kuliko sisi tulio karibu nao. Mvua ikinyesha kwake, anapiga simu kuuliza kama inanyesha kwetu. Akaja, akautazama, akasema mama afungashe aende naye Kalehe, chumba kipo, wajukuu wapo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mama yangu si mtu wa kubishana. Ni mtu wa kusema sentensi moja na kuirudia miaka kumi.

"Mupime," alisema. "Kama hii nyumba inashuka, nitaenda na wewe Kalehe, sitalia. Kama haishuke, utaniacha hapa, fasi papa yenu aliniachaka."

Kaka alikubali, nami nikakubali. Tulijua wote kwamba akishasema hivyo hatarudi nyuma, iwe kwa faida yake au kwa hasara yake. Kipimo kilikuwa rahisi kukieleza. Baba alikuwa ameuacha ukingo ukiwa sawa toka jikoni hadi ziwani. Ukiwa bado sawa, nyumba imesimama, na ukiwa umeinama upande wa ziwa, nyumba inashuka.

Jumamosi kaka alimleta fundi na mpira wake wa maji. Ni fundi ninayemheshimu, mteja wangu wa zamani, ambaye hajawahi kununua kitu bila kukigeuza mara nne. Mimi nilikuwa dukani, siku ya Jumamosi duka halifungiki. Alasiri simu ikalia, na niliposikia kaka ananiita kwa upole petite, yaani mdogo wake, nikajua mambo si mazuri.

"Petite, kuya. Nyumba imeshuka upande wa ziwa. Vidole mbili."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Vidole viwili kwa mtu asiyejenga si kitu. Kwa nyumba ya mawe iliyo juu ya mteremko, wakati mvua haijafika hata nusu ya msimu wake, ni habari ya kufunga mizigo. Akilini nilimwona mama yangu Kalehe, kwenye nyumba nzuri ya mwanawe, amekaa kitandani hajui asubuhi aanze na nini. Halafu macho yangu yakaenda kwenye lazeri iliyo rafuni, na hasira ikanishika, sijui hata dhidi ya nani. Niliitia kwenye begi, nikafunga duka, nikapanda pikipiki nimeikumbatia kifuani kama trei ya mayai, nikimkaripia dereva kila penye shimo.

Nilimkuta mama chumba cha kulia, anafunga sahani moja moja kwenye vitenge. Halii. Hilo ndilo lililonitisha.

"Maman, unafanya nini?"

"Sahani inavunjikaka ku barabara ya Kalehe," alijibu, bila kuinua kichwa. "Nipe ile kitenge ya manjano."

Sikumpa. Nilitoka nje nikitafuta mtu wa kumfokea, nikawakuta kaka na fundi wananingoja pembeni mwa nyumba. Walikuwa wameuacha mpira palepale ulipopimia, mdomo mmoja umefungwa kwenye mti uliochomekwa pembeni mwa jiko, mwingine kwenye mti wa kona ya ziwani, ili nisije nikasema nimeelezwa vibaya. Kaka ananijua. Tulipima pamoja kutoka kwenye maji kwenda chini hadi ukingoni. Upande wa ziwa urefu ulizidi ule wa jikoni kwa vidole viwili. Nikarudia. Vidole viwili tena, na fundi alikuwa amesimama na kofia yake mkononi kama aliyeleta habari ya msiba.

"Nataka kupima na yangu," nikasema, nikaitoa lazeri kwenye begi.

"Aka kasanduku kako ni ka kuuzisha," kaka akasema. "Haiko ka kupima nyumba ya maman."

"Na mupira yako nani aliuuzisha?" nikamuuliza. "Haiko miye?"

Fundi alikohoa kidogo, akatazama ziwa.

Jua lilikuwa bado juu, mstari wa kijani usingeonekana. Ikabidi tungoje kivuli kiingie, na kungoja pamoja na kaka yangu tukiwa tumenuniana ni kazi. Mama, ambaye kwake mtu aliyeshika chombo cha kazi lazima apewe cha kunywa, alitoka na glasi na chupa ya sukre, ndivyo tunavyoita soda hapa kwetu. Ilikuwa ile nyekundu, imeshapungua kidogo. Alimmiminia fundi kwanza, kisha kaka, kisha mimi, akarudi ndani kwenye sahani zake. Tulikunywa. Ilikuwa tamu mno, kama kawaida yake.

Kivuli cha mlima kilipofika uani, nilisimamisha lazeri katikati ya uwanja wa pembeni, nikaiwasha. Mstari wa kijani ukalala ukutani kuanzia jikoni hadi kona ya ziwani. Fundi alipima mwenyewe, sikutaka kaka aseme nimevuta utepe. Kutoka kwenye mstari hadi ukingoni, jikoni: akaweka alama ya penseli kwenye kijiti chake. Akatembea polepole hadi kona ya ziwa, akakisimamisha kijiti juu ya ukingo. Mstari wa kijani ukapita palepale kwenye alama, labda juu yake kwa unene wa ukucha.

"Iko sawa," fundi akasema, na akaonekana mwenyewe hajui afurahi au aone aibu.

"Haiwezekane," kaka akasema. "Mayi haidanganyake."

"Na mwangaza, ulishaka kuuona unadanganya?"

"Mwangaza wako ulikuya na pikipiki!"

Alikuwa na haki yake hapo, na kwa kuwa alikuwa na haki nilizidi kukasirika. Lazeri iliyorushwarushwa barabarani inaweza kupinda ndani, nawaambia wateja hivyo kila siku. Lakini nawaambia pia namna ya kuijaribu. Niliigeuza ikatazama ilikotoka, nusu mzunguko, ili kama imepinda mstari wake wa upande mmoja ukimbie juu au chini. Haukukimbia. Ulirudi kulala kwenye alama ileile ya fundi.

Sasa tulikuwa na vyombo viwili vya kweli na nyumba moja, na haiwezekani nyumba iwe imeshuka na haijashuka. Fundi alisema mpira wake aliujaribu asubuhi kabla ya kuanza: aliiweka midomo miwili pamoja, maji yakasimama sawa, kaka alimwona. Kaka akathibitisha. Nikasema basi tuujaribu tena sasa hivi.

"Tutapima mpaka wapi?" Kaka alipaza sauti. "Mpaka itaanguka na maman mu ndani? Nilishaona manyumba kule kwetu, weye haukuona! Banasemaka tutaangalia kesho, na kesho ni udongo tu!"

Nilifungua mdomo nimjibu jambo ambalo lingetukalisha miezi bila kuongea, ila mama alituwahi. Alikuwa dirishani mwa jiko, na kitenge cha manjano begani.

"Muujaribu," akasema.

Fundi aliuziba mdomo wa kona ya ziwani kwa kidole gumba, akaja nao taratibu hadi jikoni, akiuacha mpira ujikunje nyuma yake. Mimi nilikwenda kuufungua ule mdomo wa jikoni kwenye mti wake, na mkono wangu ukasita. Sisimizi walikuwa wanapanda. Mstari mzima, wenye nidhamu kuliko sisi, umetoka kwenye ngazi ya jiko, umeufuata mti, umefika juu kwenye mdomo wa mpira, na wengine walikuwa wanazunguka pale wakijaribu kuingia. Sijawahi kuona sisimizi wakihangaikia maji matupu. Nikatazama rangi. Upande huu maji yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimeuona wekundu huo tangu nilipofika na haukunishangaza, maana mafundi wengi hutia rangi kwenye mpira ili maji yaonekane, na unga wa rangi hiyo nauuza mwenyewe.

Fundi aliuleta mdomo wake karibu na ule wa jikoni, akaondoa kidole. Tuliinama wote watatu. Maji mekundu yalitulia chini, na yale meupe ya mdomo wa pili yakatulia juu zaidi. Vidole viwili kamili.

"Papa," nikamwambia fundi, "hii rangi ni ya nani?"

"Nilizani ni grand aliweka," akasema, akimtazama kaka.

"Miye? Sikuweka kitu, nilizani ni weye. Nilisema tu sione mayi."

Kisha tukageukia dirishani, wote kwa pamoja.

"Ni miye," mama akasema. "Alikuwa analalamika, mayi haionekane, mayi haionekane. Miwani yake alisahau Kalehe. Nikamuwekea sukre kiloko, kidogo tu, mu mupira, aone."

"Kiloko namna gani, maman?"

Akafikiri. "Mpaka aliacha kulalamika."

Fundi alijipiga paja. Akakumbuka kwamba kweli asubuhi, akiwa kona ya ziwani, maji yalimfurikia mkononi ghafla hadi kwenye mkono wa shati, akadhani kaka amekanyaga mpira. Alikuwa mama, jikoni, anamimina, kaka akiwa amempa kisogo. Basi upande mmoja ukajaa sukari na mwingine ukabaki maji, na sukari ni nzito. Ni kama mizani ya sokoni, maharagwe machache upande huu yanasimamisha lundo la sombe, majani ya muhogo, upande ule. Maji mekundu, kwa uzito wake, yalisimama chini kuliko wenzake, na sisi tukaihukumu nyumba kwa kosa la soda.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa naachia pumzi ambayo nafikiri niliifungia kifuani tangu simu ilipolia. Fundi naye alicheka, akifuta macho na kofia. Kaka alikuwa amekaa juu ya ngazi ya jiko, mikono usoni, mabega yanatikisika, nikaenda kumpiga mgongoni ili tucheke pamoja. Hakuwa anacheka.

"Nilikuwa naogopa, petite," akasema ndani ya viganja vyake. "Kila mvua. Kila mvua."

Hasira yangu yote ikaisha hapo. Nilikaa kando yake nikamshika mkono, kitu ambacho hatujafanya tangu tukiwa watoto, na sisimizi wakaanza kutupanda miguuni.

Fundi, ambaye hawezi kukaa bure, aliingia sebuleni kuutazama ufa upya sasa kwa kuwa nyumba haikuwa na hatia. Alirudi na jibu baada ya kugonga plasta kidogo. Dirisha lile lilipanuliwa zamani tulipoweka vyuma, na boriti ya juu yake ikaachwa fupi, inaegemea tofali nusu. Ukuta umechoka kuibeba, ndiyo maana umepasukia konani. Atakuja wiki ijayo aiondoe aweke nyingine. Ni kazi ya siku mbili, akasema, na vumbi jingi. Sijawahi kufurahia habari ya vumbi namna ile.

Tulidhani tumemaliza. Mama akatoka nje, amejifunga kitenge cha manjano kiunoni, akasema kipimo hakijaisha. Fundi aumwage ule mpira, auoshe, autie maji ya bomba tupu, na tupime kwa mara ya mwisho.

"Lakini maman, lazeri ilishasema," nikamwambia.

"Lazeri ilisema kwako. Yeye anaamini mayi," akasema, akimwonyesha kaka kwa kidevu. "Sitaki aende na mashaka mu roho."

Kwa hiyo mpira ukaoshwa. Fundi aliupuliza, akaujaza, akatoa mapovu yote kwa kuugongagonga, akaiweka midomo miwili pamoja mbele ya kaka, na maji yakasimama sawa. Alipotaka kuufunga mdomo mmoja kwenye mti wa jikoni, mama akaunyakua.

"Huu ni wangu. Njo upande nilishikaka siku ile."

Hatukujua. Baba hakuwahi kutuambia, au alituambia hatukusikiliza. Siku anaweka ukingo hakuwa na mtu wa kumsaidia, akamwita mkewe, na mama akasimama pale jikoni, wakati huo hapakuwa na jiko, palikuwa na mawe tu, ana mimba ya huyu kaka, ameshika mdomo wa mpira tangu asubuhi hadi mchana, huku baba akipiga kelele kule chini: panda, shuka, panda, basi, usitingishike. Aliieleza kwa kifupi hivyo hivyo, na huku anaunyoosha mgongo na kuuinua mpira mpaka kifuani.

Kaka alichukua mdomo wa pili akaenda kona ya ziwani. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Nilimmulikia kwa simu, na yeye akiwa hana miwani ikabidi aweke jicho karibu kabisa na plastiki. Maji yalipanda na kushuka mara chache, kila mara kidogo zaidi, kisha yakatulia. Fundi alipima jikoni, akatembea, akapima ziwani. Alimpa kaka kile kijiti chake ajionee mwenyewe ile alama, na kaka alikishika hapo kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Iko namna gani?" mama aliuliza kutoka juu.

"Iko sawa, maman."

"Sema na nguvu. Minazeeka."

"Iko sawa!"

Mama aliuziba mpira kwa kidole gumba, akamkabidhi fundi, akakifungua kile kitenge kiunoni na kukikunja vizuri.

"Basi utanisalimia watoto ba Kalehe," akasema, akaingia ndani kufungua sahani.